Wageni Waliovuka Pazia

Tangu aolewe, Veridiana hakuwahi kumkatia simu shemeji yake Karoli, na si kwamba hakutamani. Karoli ni kaka mkubwa wa mumewe. Wazee walipozikwa kambini yeye ndiye aliyebaki kuwa baba wa ukoo, na ingawa anaishi Columbus, Ohio, na wao wako Buffalo, New York, hakuna ndoa, msiba wala homa ya mtoto inayopita bila yeye kupiga simu na kutoa maagizo. Huongea polepole, kama mtu anayejua kwamba hakuna wa kumkatiza. Basi Jumapili hiyo, sahani za ugali na maharage zikiwa bado mezani, aliporudia tena, "Shemeji, mwambie mumeo akubali kosa, yaishe," Veridiana alibonyeza kitufe chekundu, akaigeuza simu kifudifudi.

Sipriani, mumewe, alimtazama kana kwamba amemzaba mchungaji kofi katikati ya ibada.

"Umemkatia kaka?"

"Nimemkatia."

"Mama Florida!"

"Atapiga tena. Vidole anavyo."

Florida, binti yao wa miaka kumi na miwili, aliinua macho, akasema neno moja la Kiingereza, akaendelea kula. Veridiana hakulijua neno lile ila kwa namna lilivyosemwa alilipokea kama pongezi.

Kosa lililotakiwa kukubaliwa lilikuwa bastola, na bastola haikuwa ya Sipriani. Huyu ni mtu aliyetoka Burundi akiwa mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, akakulia kambi ya Mtabila huko Kasulu, Tanzania, akahamishiwa kambi nyingine ile ilipofungwa, akaja Marekani akiwa na mke, mtoto na sanduku moja. Silaha pekee aliyowahi kushika ni panga la kukatia kuni. Bastola ilikuwa ya Mutware, mtoto wa kwanza wa Karoli, aliyetoka Columbus kuja kwa baba yake mdogo kutafuta kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini Mutware alikaa mpaka theluji ikayeyuka ikaanguka tena, na jembe lake lilikuwa rimoti ya televisheni. Mwishowe alipata kazi Louisville, kwenye ghala la vifurushi, akaondoka kwa haraka. Akamwachia mama yake mdogo begi dogo la mgongoni, akasema atalifuata. Veridiana alilisukuma chini ya kitanda chake mwenyewe, wala hakulifungua. Begi la mgeni halifunguliwi. Hilo hakufundishwa na mtu, alilinyonya.

Polisi wawili walikuja asubuhi moja ya baridi kumtafuta Mutware kwa sababu ya ugomvi uliotokea nje ya duka. Hawakuwa na hati yoyote ya mahakama. Sipriani alikuwa amelala, maana anafanya zamu ya usiku kiwandani na usingizi wake ni wa mchana. Veridiana aliona sare kupitia kioo cha mlango, akafungua kabla hawajagonga mara ya pili. Akarudi nyuma kuwapisha. Akatabasamu. Akavuta viti viwili vya plastiki, kimoja akakifuta kwa ncha ya kitenge, akawaonyesha kwa mikono yote miwili wakae. Mgeni haulizwi shida yake akiwa amesimama. Kisha akaenda jikoni kuchukua Fanta, na aliporudi na chupa mbili mkononi viti vilikuwa vitupu. Polisi mmoja alikuwa anatazama picha za ukutani. Mwenzake alikuwa ameshavuka pazia.

Nyumba za Buffalo zina milango, tena mizito, lakini Veridiana alikuwa ametundika pazia la maua kwenye ujia unaoelekea vyumbani, kama mama yeyote wa Kirundi au wa Kikongo pale East Side. Mbele ya pazia ni pa wageni. Nyuma ya pazia hapiti hata Karoli, na Karoli hujipitisha popote. Veridiana alisimama na soda zake akasikia godoro likisukumwa, akasikia mumewe akigutuka, akasikia zipu. Begi lilifunguliwa mbele ya macho ya Sipriani, naye akaona chuma kile kwa mara ya kwanza, sawasawa na wao.

"Ya nani hii?"

Sipriani alikaa kitandani na fulana yake ya ndani. Alijua begi ni la nani. Alijua pia kwamba mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, na kwamba kilicho chini ya dari yako kinajibiwa na wewe. Kwa Kiingereza chake cha kiwandani akasema, "Mwenye nyumba ni mimi. Vitu vyote humu ni vyangu." Wakamtia pingu wakamtoa na fulana ile ile kwenye baridi, na Veridiana akakimbia nyuma yao na koti ambalo hakuna aliyelipokea.

Jioni aliachiwa arudi nyumbani kungoja kesi. Kwa kuwa bastola ilikutwa ndani ya nyumba, na yeye hakuwa na doa lolote, shitaka lilikwenda kwenye mahakama ya jiji, ambako husikilizwa makosa madogo. Baada ya muda mwendesha mashtaka akaja na neno tamu: akubali kosa, hatafungwa, siku hiyo hiyo atarudi kwake. Watu walishangilia. Kanisani walitoa ushuhuda wa shukrani kabla hata ya jambo kutendeka. Karoli alishangilia kuliko wote.

Na Sipriani alikuwa tayari. Ili kumwelewa inabidi uwe umekulia kambini. Pale, wakikukamata umetoka nje ya mpaka kutafuta kuni, unasema, "Nimekosa, mnisamehe." Jirani akisema mbuzi wako kala mboga zake, na mbuzi huna, unasema nimekosa. Unatoa kuku, unapiga goti, mnapeana mikono, mnakwenda kulala. Nimekosa haikuwa kukiri kitu. Ilikuwa adabu, na asiyeisema alionekana mtu wa kiburi anayetafuta kuumizwa. Sipriani aliisema maisha yake yote, na ilimfikisha hapo alipo akiwa mzima.

Aliyevuruga furaha hiyo alikuwa wakili wake, mwanamke mfupi aitwaye Nowak, mzaliwa wa Cheektowaga, pale jirani na Buffalo, anayebeba begi la mgongoni kama mwanafunzi na kuongea kama mtu anayewahi basi. Ni wakili wa bure, wa wale wasioweza kulipa. Karoli alipoambiwa hivyo aliuliza, "Wakili wa bure atakuwa na akili gani?" Lakini huyo wa bure aliwakalisha ofisini, akaweka simu ya mkalimani juu ya meza, akawaambia jambo ambalo hakuna mwingine aliyewaambia. Sipriani ana kadi ya ukaazi tu, uraia hajauchukua. Akitamka mbele ya hakimu kwamba bastola ni yake, mahakama itamwachia kwa mlango wa mbele, na watu wa uhamiaji wana haki ya kumsubiri kwa mlango wa nyuma. Kosa la silaha linatosha kumfukuza nchini.

"Wampeleke wapi?" Veridiana aliuliza.

"Burundi."

Sipriani akacheka, kicheko kibaya. "Burundi niliiona nikiwa mgongoni," akasema. "Hata njia ya kwenda nyumbani sijui."

Nowak hakucheka. Alisema zamani mawakili wengi hawakuwaambia wageni habari hizi, mpaka mahakama kuu ya nchi, kwa kesi iliyotoka Kentucky, ikasema ni lazima waambiwe. Kisha akaeleza njia nyingine. Katiba inataka watu wawe salama katika nyumba zao. Polisi asiye na hati ya upekuzi haingii mpaka mwenye nyumba aridhie, na kilichopatikana kwa kuvunja haki hiyo hakipokelewi mahakamani, hata kiwe bastola. Na wanaotakiwa kuthibitisha kwamba mwenye nyumba aliridhia ni serikali. Sipriani hatalazimika kufungua kinywa. Hiyo nayo ni haki. Hakuna atakayetaka kujua bastola ni ya nani. Kutakuwa na kikao cha jambo hilo peke yake, na swali litakuwa moja tu, nani aliwaruhusu wavuke lile pazia.

"Na wao wanasema nani?" Veridiana akauliza, ingawa jibu lilikuwa limeshamfika kooni.

"Wanasema ni wewe. Kamera ya kifuani kwa polisi inaonyesha ukiwapisha, ukitabasamu, ukivuta viti. Itabidi usimame kizimbani uwajibu."

Aibu iliyompata hapo sitajaribu kuipamba. Ukarimu wake ndio uliomtia mumewe pingu, na hilo liliandikwa kwenye karatasi za serikali kama sifa yake njema. Lakini aliposhuka kwenye basi aibu ile ilikuwa imeanza kugeuka kitu kingine, na kufika mlangoni ilikuwa hasira kamili. Walikula adabu yake, halafu wakaitumia kama ufunguo.

Ndiyo maana Jumapili ile alikata simu. Na kweli, Karoli alipiga tena kabla sahani hazijatolewa.

"Shemeji, simu ilikatika."

"Haikukatika. Niliikata."

Karoli akaendelea kwa upole ule ule wa kutisha. "Nimekaa na wazee hapa Columbus. Wote wanasema akubali. Unamsikiliza wakili wa bure, unawaacha watu wako. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe nimelifunika tangu nazaliwa, shemeji. Mwanaharamu hajapita hata siku moja. Anakaa kitako anaomba chai."

"Usifanye mzaha. Wewe, mwanamke wa watu, utasimama mbele ya Wazungu ueleze habari za chumba chako cha kulala?"

"Chumba wameshakiona. Kimebaki kukieleza tu."

Sipriani aliinua mkono kumwomba apunguze sauti. Hakupunguza.

"Na hiyo sheria unayoiogopa imetoka huko huko Ohio unakokaa," akaendelea. "Nowak amenieleza. Kulikuwa na mwanamke, mweusi kama mimi, polisi walikuja wanatafuta mtu mwingine, kama sisi. Akawaambia leteni hati. Wakavunja mlango. Yule mama akapambana mpaka mahakama ya juu kabisa, akashinda. Mpaka leo hapa New York kikao ninachokwenda kinaitwa kwa jina lake. Miaka yote uko Ohio, shemeji, hukumsikia?"

"Sisi si watu wa kupambana na serikali."

"Unaogopa nini hasa?"

Florida akaacha kutafuna. Sauti iliyotoka kwenye simu haikuwa ya baba wa ukoo. "Watamtaja mwanangu," Karoli alisema. "Ukisimama pale watakuuliza begi la nani, na utaapa kwa Biblia. Utamtaja Mutware."

Veridiana alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo. Ila kulisikia likisemwa kulimwondolea woga wa mwisho aliokuwa nao kwa mtu huyu. Alimhurumia, na alikasirika, vyote pamoja.

"Sikiliza," akasema. "Baba Florida hajamtaja, na mimi sitamtaja. Mutware nimemlisha, ni mtoto wangu, nikimpata nitamchapa mwenyewe. Lakini mume wangu si kuku wa kutoa ili mtoto wako asamehewe. Hilo halipo."

Safari hii alimuaga kwa heshima zote, ndipo akakata.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa hapo hapo mezani. Sipriani alisema amechoka. Alisema nimekosa ni neno tu, Mungu anajua moyo wa mtu.

"Kambini lilikuwa neno," Veridiana alimwambia. "Hapa ni tiketi ya ndege."

"Na ukishindwa? Hakimu akisema uliwakaribisha? Nitakuwa nimewakasirisha bure, waniongezee adhabu."

"Wakasirike. Tumewafurahisha watu wenye sare tangu tuzaliwe, wamewahi kutupenda?"

Sipriani aliangalia mikono yake, mikono ya mtu anayepanga vyuma usiku kucha. "Mimi nitakaa kimya," akasema mwishowe. "Kimya nakiweza. Wewe utaweza kusema?"

"Nitasema," Veridiana akajibu, akaanza kukusanya sahani.

Siku ya kikao aliomba ruhusa kazini kwake, nyumba ya kutunzia wazee huko North Buffalo, akavaa gauni la Pasaka na viatu vya theluji. Walipoingia mahakamani akamwona Karoli kwenye benchi la nyuma, kofia magotini. Aliendesha gari kutoka Columbus bila kumwambia mtu. Alimwashiria Sipriani kwa kichwa. Veridiana hakumtazama.

Polisi alitangulia kusema. Hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alieleza kwa utulivu kwamba yule mama aliwafungulia vizuri, akawachekea, akawapa viti, na yeye kwa uzoefu wake akaelewa kuwa wamekaribishwa, ndipo akaenda kuangalia kama kijana wanayemtafuta yumo. Begi akalivuta kwa usalama wake. Nowak akamwuliza kama alimwomba mama huyo ruhusa ya kupekua. Polisi akasema hakukuwa na haja, ilionekana wazi. Je, alitafuta mkalimani? Hapana.

Kisha wakazima taa za mbele, wakaonyesha picha za kamera.

Veridiana hakuwahi kujiona namna hiyo. Kwenye kioo kikubwa alikuwepo mwanamke aliyeinama shingo, meno yote nje, anafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Tabasamu lile alilijua. Mama yake alikuwa nalo, siku askari wa kambini walipoingia kibandani kuhesabu watu, wakapindua sufuria kutafuta nani kaficha nini. Mama alitabasamu mpaka walipotoka, kisha akaketi chini akatetemeka. Veridiana alikuwa mdogo, akadhani mama anawapenda wale watu. Sasa alitazama meno yake mwenyewe yaking'aa mbele ya hakimu, na alitamani kulia, lakini alijizuia kwa sababu Karoli alikuwa nyuma yake.

Alipoitwa alipanda, akaapa. Mkalimani wake alikuwa Zéphyrin, Mkongo wa Bukavu, mwenye tai pana na Kiswahili cha huko kwao, kilichochanganyika na Kifaransa.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mpole. "Hakuna aliyekulazimisha kufungua mlango, sivyo?"

"Nilifungua mwenyewe."

"Na viti?"

"Nilivitoa mwenyewe. Na soda. Nyumbani kwangu kila mtu hupewa kiti, hata anayekuja kudai."

"Kwa hiyo uliwakaribisha."

"Niliwakaribisha wakae. Aliyekaribishwa kukaa anakaa. Haendi kuvuta godoro la watu."

Watu wawili watatu wakacheka. Hakimu, mwanamama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, hakucheka, ila aliacha kuandika akamtazama.

"Lakini ulikuwa unatabasamu," kijana akasema. "Tumeona wote. Huo ni uso wa mtu aliyeridhika."

Nowak alikuwa amemwambia ajibu kwa ufupi. Veridiana alijaribu, ikashindikana.

"Ule ni uso wa mtu anayeogopa," akasema. "Mimi nimekulia mahali ambapo mwenye sare akija unafungua upesi, maana asiyefungua huvunjiwa. Na ukiwa unamwogopa mtu mwenye bunduki hununi. Unamchekea. Mama yangu alicheka hivyo hivyo. Nilidhani nimeuacha uso huo kambini, kumbe nimekuja nao. Mmenionyesha leo, na nimeona haya. Lakini haya ni yangu. Msiyachukue mkayaita ruhusa."

Zéphyrin alichukua muda kulitafsiri lote, na alipomaliza sauti yake ilikuwa imekwaruza. Hakimu akasema kitu. "Bon, maman," Zéphyrin akamgeukia, "juge anasema unywe mayi kidogo. Donc, usiogope." Veridiana alijua maneno ya mwisho hakimu hakuyasema, akanywa maji.

Kijana akabadilisha njia. "Lile begi lililokuwa chini ya kitanda. Lilikuwa la nani?"

Nyuma kulisikika kofia ikianguka sakafuni. Veridiana alishika ukingo wa kizimba. Ameapa. Uongo hatasema, na jina hatasema, na hakujua mtu anapitaje katikati ya hivyo viwili. Lakini Nowak alikuwa ameshasimama, begi lake la kiwanafunzi likianguka kutoka kwenye kiti. Akaweka pingamizi: kikao hiki si cha kuuliza mwenye bastola, ni cha kuuliza mwenye ruhusa. Hakimu akakubaliana naye kwa neno moja, akamwambia kijana aendelee na mengine.

Mengine hayakuwa mengi. Kijana alipanga karatasi zake, akauliza lile aliloliweka la mwisho. "Uliwaona wakielekea vyumbani?"

"Mmoja nilimwona ameshavuka."

Zéphyrin akaleta lililofuata: "Maman, anauliza, kama haukutaka waingie, juu ya nini haukukatala? Juu ya nini haukusema hapana?"

Veridiana alimgeukia kijana yule. Kwa kweli alijaribu kuelewa swali lake, kwa sababu lilikuwa swali la mtu aliyezoea kuulizwa.

"Hapana ni jibu," akasema. "Mimi nijibu nini? Hakuna aliyeniuliza."

Kijana akasema hana swali jingine.

Nje kwenye ujia Karoli alimngoja karibu na ngazi. Alionekana mdogo kuliko sauti yake ya simu. Alinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama anavyosalimiwa mkubwa, na hivyo yeye hakuwahi kumsalimu shemeji yake. "Shemeji," akasema, "umeongea."

"Mwambie Mutware aje mwenyewe kumwomba baba yake mdogo msamaha," Veridiana akamjibu. "Si kwa simu. Louisville si mbinguni, mabasi yapo."

Karoli aliitikia. Baadaye Mutware alipiga simu akilia, naye Veridiana akamwacha alie mpaka achoke, kisha akamwuliza anakuja lini.

Hukumu ya kikao ilingojewa, na katika kungoja huko Sipriani alikonda. Aliacha kununua vitu vikubwa. Alimwonyesha Florida jinsi ya kuzima bomba la maji likipasuka kwa baridi, bila kusema kwa nini anamfundisha. Veridiana aliona, akafanya kama hajaona, akaenda kulia kazini, chooni, kwa sababu nyumbani ndiye aliyekuwa ameapa kutoogopa. Kulikuwa na saa aliwaza kwamba Karoli alikuwa na haki, kwamba kesho mumewe atapandishwa ndege kwenda nchi asiyoijua kwa sababu mkewe hakujua kunyamaza. Wazo hilo lilimjia mara nyingi. Kila mara alilifukuza kwa kukumbuka zipu ile ikifunguliwa.

Waliitwa tena majira ya theluji kuanza kuyeyuka. Hakimu alisoma kwa muda mrefu, na Zéphyrin alitafsiri kwa kunong'ona, akikimbizana naye. Alisema heshima anayopewa polisi mlangoni haimpi nyumba nzima. Alisema mtu anayemwinamia mwenye mamlaka hajaridhia, ameinama tu. Alisema kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kuthibitisha ridhaa, nayo ilileta tabasamu na viti viwili. Bastola isipokelewe. Na maneno ya mshitakiwa yaliyotoka kwa sababu ya bastola hiyo, nayo yasipokelewe. Kijana mpole akasimama akasema kwamba bila vitu hivyo serikali haina kesi. Hakimu akasema kesi imefutwa, Sipriani yuko huru.

Sipriani hakuelewa mara moja. Nowak ilibidi amguse bega amwambie tena, na Zéphyrin tena, "Papa, imeisha. Unarudia kwako." Ndipo akasimama. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali. Akamgeukia hakimu, akainamisha kichwa, akakutanisha viganja kama wafanyavyo watu wa kwao wanapopokea kitu kikubwa kutoka kwa mkubwa, ng'ombe au shamba, tayari kupiga makofi yale ya taratibu ya shukrani.

Veridiana aliinuka kwenye benchi akavuka kijizuizi cha mbao ambacho hakuruhusiwa kuvuka. Askari wa mahakama alipiga hatua, kisha akaacha. Akamshika mumewe mikono yote miwili kabla haijagongana.

"Usimshukuru," akamwambia. "Hujapewa zawadi, baba Florida. Umerudishiwa chako."

Sipriani alimtazama, akamtazama hakimu aliyekuwa ameshafungua karatasi za kesi ya mtu mwingine. Kisha akanyoosha mgongo, akajifuta uso kwa mkono wa koti, wakatoka.